Adhuhuri Iliyokwama Langoni

Nchi ninayotaka kuisimulia haina jina. Ilikuwa nalo zamani, lakini serikali iliona jina lenyewe ni dogo kuliko viongozi wake, ikaunda Kamati ya Jina Jipya. Kamati hiyo bado inakutana, inakunywa chai na kuomba iongezewe muda. Wananchi hawapendi kuwasumbua wakubwa, kwa hiyo nchi yao wanaiita "hapa" wakiwa nyumbani na "kule" wakiwa ugenini, na mpaka leo hakuna aliyepotea.

Ni nchi ya amani na ya sheria nyingi nzuri, lakini hakuna iliyo nzuri kama Sheria ya Baruti. Zamani baruti ya serikali ilihifadhiwa chini ya ukumbi wa Baraza la Mawaziri, kwa hoja kwamba penye wakubwa ndipo penye usalama. Siku moja mlinzi aliagizwa akaangalie kama baruti imepata unyevu. Chumba kilikuwa na giza, na mlinzi alikuwa mtu makini, akachukua mshumaa. Taarifa ya serikali ilisema baadaye kwamba baruti ilikutwa kavu kabisa. Mlinzi alipandishwa cheo, na kofia yake, ambayo ndiyo iliyopatikana, ikazikwa kwa heshima zote.

Baada ya mazishi ya kofia, sheria ikatungwa. Ndani ya mji kusikae baruti zaidi ya ile ya kupigia mzinga mara moja. Baruti nyingine yote ikae katika ghala la mawe nyuma ya vilima, na kila asubuhi pipa moja lije mjini kwa gari la punda. Pipa lifungwe kwa pete za shaba, maana chuma hutoa cheche. Punda awe mpole wa kuzaliwa. Mbele ya punda atembee mtu mwenye bendera nyekundu, na mbele ya mwenye bendera atembee mtu mwingine wa kuwaonya watu kwamba bendera inakuja. Gari linapopita mtaani, majiko yote yazimwe, viko vizimwe, nyundo zitulie, na mume na mke waliokuwa wakigombana waahirishe ugomvi wao mpaka gari likate kona. Nisiwe mchoyo wa shukrani: wengi walipotaka kurudi kwenye ugomvi walikuta wamesahau walikofikia, na ndoa kadhaa zilipona kwa njia hiyo.

Wapagazi wa baruti nao walitakiwa kuvaa viatu vilivyoshonwa kwa uzi mtupu, visiwe na msumari hata mmoja.

Huenda ukadhani nchi hiyo ilikuwa na maadui. Hapana, hakuna aliyeitaka. Baruti yote ilikuwa ya mzinga wa adhuhuri. Mawaziri walikuwa na saa za mfukoni, kila mmoja na yake, na kila mmoja aliapa kwamba saa ya mwenzake ni mbovu. Walipokaribia kupigana makonde wakatunga Sheria ya Siku, isemayo kwamba siku huisha mzinga wa adhuhuri unapolia, na usipolia, siku haijaisha. Kuanzia hapo kila kitu kilihesabiwa kwa mizinga. Mtoto alizaliwa mzinga fulani, mkataba ulikwisha mzinga fulani, na mwizi wa kuku alifungwa mizinga saba.

*

Pandu alikuwa fundi viatu nyuma ya soko, mtu mpole mwenye vidole vilivyochomwachomwa na sindano. Ndiye aliyewashonea wapagazi viatu vyao vya uzi. Siku ya mkosi wake alikuwa ameshika kiatu kingine kabisa, kiatu cha Waziri wa Baruti na Utulivu, Mheshimiwa Buruhani, aliyependa visigino vyake vipigwe vyuma ili watu wamsikie anakuja na wapate nafasi ya kusimama. Msumari ulikuwa umeingia nusu. Mjumbe wa waziri alikuwa mlangoni akihimiza, "Fanya haraka, fundi, mheshimiwa amesimama kwa mguu mmoja!" Nyundo ilikuwa njiani kushuka, na bendera nyekundu ikachomoza kwenye kona.

Mahakamani Pandu aliulizwa kwa nini hakuizuia nyundo hewani. Akajibu kwamba nyundo ikishashuka imeshashuka. Jaji akaliona jibu hilo ni la kiburi, akamfunga mizinga tisini. Kiatu kilitolewa kama kielelezo, kisha waziri akakivaa kwenda nacho nyumbani.

Mafundi viatu wengine walipoona yaliyompata mwenzao, wote waliacha kazi wakaanza kuuza vitumbua. Mji ukajaa vitumbua, na viatu vikazidi kuchanika.

Pandu alimwacha mkewe, Mwanakheri, na binti yao Siti ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Mwanakheri hakuwa mwanamke wa kulialia. Mzinga ulipolia alisema "tumepunguza", akaendelea na kazi zake. Asubuhi ya mzinga wa mwisho aliamka kabla ya jogoo. Alifua kanzu ya mumewe, akapika samaki wa nazi, akamweka Siti kiunoni, akaenda kusimama mbele ya jela.

Mkuu wa jela, Bwana Shambi, alikuwa mtu wa utaratibu. Alikuwa amekwisha mleta Pandu mpaka nyuma ya lango, amevalishwa nguo zake za uraiani, kibunda mkononi, mguu mmoja mbele. Mzinga ungelia, lango lingefunguliwa, angetoka. Mume na mke walitazamana kupitia nondo wakicheka kama watu waliochumbiana jana.

Jua likafika utosini. Likapita. Vivuli vikaanza kurefuka upande wa pili. Mzinga ukawa kimya.

"Bwana Shambi," Mwanakheri akasema, "jua limekwisha pita."

"Jua si mtumishi wa serikali, Bi Mwanakheri. Linapita linapotaka."

"Lakini adhuhuri si imeshakuwa?"

"Umesikia mzinga?"

"Sikusikia."

"Mimi pia sikusikia, na masikio yangu ni ya serikali. Tuwe na subira, mama. Bado ni asubuhi."

Giza lilipoingia, Bwana Shambi alimwomba Pandu radhi, akamrudisha ndani akiwa na kibunda chake. Mwanakheri alirudi nyumbani na samaki wake wa nazi. Hakuna aliyemla.

*

Kulipokucha alikwenda kuuliza mzinga umepatwa na nini. Mpiga mzinga akamwambia hana baruti. Akafuata njia ya gari la punda mpaka Lango la Ukaguzi, pale mji unapoanzia, akawakuta wapagazi wamekaa chini ya ukuta. Kiongozi wao, mtu mrefu aitwaye Ngwali, alimwonyesha mguu. Vidole vyote vitano vilikuwa nje, vinachungulia.

"Dada, viatu vyetu vimekufa," akasema. "Mumeo tangu afungwe hakuna wa kuvishona. Jana mkaguzi kavitazama, kasema hivi si viatu tena, hivi ni kumbukumbu ya viatu. Katukatalia kuingia."

"Na huku kutoka ghalani mmefikaje?"

"Peku. Nje ya lango sheria ya viatu haituhusu. Wanasema huku hakuna mtu wa maana wa kulipukiwa."

Mapipa mawili yalikuwa juu ya magari mawili, la jana na la leo. Ghala lilikuwa mbali, mzinga haukuwahi kusikika huko, kwa hiyo wenye ghala walihesabu siku kwa kutazama jua, kishamba tu, na kila kulipokucha walitoa pipa lao kama sheria ilivyowataka. Kuweka baruti langoni ilikuwa marufuku. Kwa sababu hiyo punda walikuwa bado wamefungwa kwenye magari, nyuso zao zimeelekezwa mjini, ili yeyote atakayepita aone kwamba baruti haijawekwa, iko safarini.

Mwanakheri akaenda moja kwa moja wizarani. Mheshimiwa Buruhani alimpokea vizuri, akawasha kiko chake, maana hakuweza kuzungumza jambo la taifa bila kiko. Sheria ya kuzima viko haikuwagusa mawaziri, kwa kuwa moto wao ulihesabiwa kuwa ni mali ya serikali.

"Mheshimiwa, waacheni wapagazi waingie peku."

"Peku!" Waziri akashika kifua. "Baruti ya taifa isindikizwe na nyayo tupu? Majirani zetu watasemaje?"

"Basi mtoeni mume wangu awashonee viatu."

"Atatoka, mama, atatoka. Mzinga ukilia tu."

"Mzinga utalia baruti ikiingia."

"Sawasawa."

"Na baruti itaingia viatu vikishonwa."

"Naam."

"Na wa kushona yuko jela."

"Umeelewa vizuri sana," waziri akasema kwa furaha ya kweli. "Wananchi wote wangekuwa wanaelewa namna hii, kazi yetu ingekuwa nyepesi."

"Ashone humo humo jela, mheshimiwa."

"Kwa sindano? Sindano ya chuma apewe mfungwa aliyetiwa hatiani kwa kosa la chuma? Mama, nakuonea huruma, lakini huruma yangu haiwezi kunifanya kichaa."

Aliahidi kuunda kamati, akamsindikiza mpaka mlangoni. Vyuma vya visigino vyake vililia njia nzima, ka, ka, ka, na makarani wakasimama.

*

Mwanzoni wakubwa walihangaika kama watu wengine. Ofisi za serikali zilikuwa zikifungwa kwa chakula cha mchana mzinga unapolia, na mchana ulikataa kuja. Karani mmoja alizimia juu ya mihuri. Baraza likakutana kwa dharura likaruhusu kifungua kinywa cha pili, kisha cha tatu chenye wali na mchuzi. Watu walijizoesha. Walisalimiana "habari za asubuhi" huku taa zimewashwa, na vibarua ambao kazi yao huisha mzinga ukilia waliendelea kulima, wakalala shambani, wakaamka, wakalima tena, siku ile ile. Waliponung'unika, mwajiri wao aliwauliza kama wamewahi kuona kibarua aliyechoka asubuhi.

Siti akaota meno. Akasimama, akaanguka, akasimama tena, akatembea. Mwanakheri alipompeleka kwa daktari wa serikali apewe dawa ya kikohozi, daktari alitazama hesabu ya mizinga akasema mtoto huyu kisheria bado anatambaa, kwa hiyo asimtembeze hadharani.

Ikafika wakati ambao zamani ungekuwa wa uchaguzi. Huko mawaziri huchaguliwa kwa mizinga maalumu, ikikwisha huwabidi waende kuwaomba wananchi kura, kazi wasiyoipenda kwa sababu ya vumbi. Basi katika mkutano wa Baraza, mmoja wao aliyekuwa akisinzia alifumbua macho akauliza, "Hivi, uchaguzi utafikaje kama adhuhuri haifiki?"

Mawaziri wakainuka wakakumbatiana, hata wale waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya saa za mfukoni. Mmoja alilia machozi.

Siku ya pili yake, ambayo ilikuwa siku ile ile, Mheshimiwa Buruhani alihutubia taifa. "Ndugu wananchi!" akasema. "Nchi nyingine zinazeeka. Zina jana nyingi, zina kesho nyingi, hazijui zishike lipi. Sisi tumetulia. Sisi tuko asubuhi! Jua la taifa letu linachomoza, na serikali yenu imehakikisha kwamba litaendelea kuchomoza!" Sera hiyo ikaitwa Asubuhi ya Kudumu. Ikatungiwa wimbo, na shule zote zikauimba.

Kamati ya viatu ilivunjwa kwa shukrani. Mkaguzi wa lango akaagizwa kwamba hata wapagazi wakitokea na viatu vipya, akague kwanza rangi ya uzi. Na langoni magari ya punda yakazidi kupangana, foleni ikapanda mpaka karibu na vilima, na kila pipa lilikuwa safarini.

*

Mwanakheri alikuwa akienda jela kila kukicha. Bwana Shambi alimruhusu kuzungumza na mumewe penye nondo, kwa kuwa mfungwa wa mzinga wa mwisho alihesabiwa kuwa ni mtu anayetoka sasa hivi. Pandu hakuwahi kufungua kibunda chake tangu siku ile. Ndevu zilikuwa zimemfika kifuani, na kanzu aliyoletewa ilikuwa imempwaya.

"Mama Siti," akasema siku moja, "usije tena."

"Nisije una maana gani?"

"Olewa. Wewe bado kijana. Mimi mzinga mmoja huu sitaumaliza. Tisini kasoro mmoja nimeimaliza nikiwa na akili zangu, huu mmoja unanitoa roho."

Mwanakheri alikasirika mpaka masikio yakamwaka. Alimwinua Siti akambandika kwenye nondo. "Mtazame huyu. Mtazame! Jana kauliza baba ni nini. Hakuniuliza baba yuko wapi, Baba Siti. Kaniuliza ni nini. Halafu wewe unaniambia nikaolewe!"

Pandu alitoa kidole kimoja kati ya nondo. Siti akakitazama kidole hicho chenye makovu ya sindano, akakishika, akajaribu kukitia mdomoni. Pandu akalia. Bwana Shambi, aliyekuwa amesimama pembeni, aligeukia ukutani akasoma kanuni za jela kwa sauti ya juu mpaka walipomaliza.

Mwanakheri alipoondoka pale hakwenda nyumbani. Alikwenda kwanza kwa Ngwali langoni, wakanong'ona. Kisha akaenda wizarani, akasubiri, akaingia, akainama kwa adabu kuliko siku zote.

"Mheshimiwa, nimekuja kukutetea."

"Kunitetea? Kwa nani?"

"Kwa watu. Wanasema maneno ambayo hata kuyataja naona haya. Wanasema Waziri wa Baruti hajawahi kuiona baruti. Wanasema anaiogopa."

Kiko kilitoka mdomoni. "Nani kasema?"

"Mji mzima, mheshimiwa. Mimi nikawaambia, mtu huyu atakuja langoni, atasimama katikati ya mapipa yake kama bwana harusi, na mtaona haya ninyi. Wakacheka."

Waziri alipiga meza. Akatangaza Sikukuu ya Asubuhi, itakayosherehekewa Lango la Ukaguzi, yeye mwenyewe akiwa msemaji.

*

Watu walikuja wengi sana, maana walikuwa hawajapata sikukuu tangu siku zikatae kusogea. Ngwali na wenzake walikuwa wameyakusanya mapipa yote karibu na lango ili mheshimiwa aonekane vizuri, na punda wakapelekwa mbali kula majani, kwa kisingizio kwamba wanaweza kulia katikati ya hotuba. Mwanakheri alipita mbele ya umati akiwasogeza nyuma. "Rudini, jamani, rudini mpaka kule kwenye mtaro. Tuwe na heshima. Sheria inasema tukae mbali na baruti." Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo kwa Sheria ya Baruti kutiiwa na watu wote, na kwa hiari.

Mheshimiwa Buruhani aliingia kwa visigino vyake, ka, ka, ka. Mkaguzi wa lango alitazama vile vyuma, akatazama mapipa, akamwomba ruhusa ya kwenda kumjulia hali shangazi yake mgonjwa. Waziri akapanda katikati ya mapipa, akawasha kiko.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaosema naiogopa baruti. Baruti ndiyo inayoniogopa mimi! Ni nani aliyeifunga pete za shaba? Serikali! Ni nani aliyeitafutia punda wapole? Serikali! Baruti ya kwetu ina nidhamu. Haiwezi kuwaka bila kibali!"

Alinyamaza ili apigiwe makofi. Makofi yalipigwa, lakini watu walikuwa mbali, na upepo ulikuwa unavuma kuelekea mtaroni, kwa hiyo hakuyasikia. Akangoja. Akakunja uso. Mtu ambaye amepigiwa makofi maisha yake yote hawezi kustahimili ukimya. Alikiweka kiko chake juu ya pipa lililokuwa karibu, akashuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye umati, mkono mmoja sikioni, akisema, "Siwasikii! Siwasikii!"

Alikuwa amekaribia mtaro aliposikia.

Sitaki kutia chumvi. Lango liliondoka. Ofisi ya ukaguzi iliondoka pia, na kiti cha mkaguzi, na kitabu cha rangi za uzi. Mlio ulipita juu ya mji mzima, ukavunja vioo vya wizara zote, ukamwamsha yule waziri aliyezoea kusinzia. Mheshimiwa Buruhani alitupwa mtaroni kifudifudi, mzima, suruali ikiwa imebaki nusu. Kiatu chake kimoja kilionekana baadaye juu ya paa la mahakama, kisigino juu. Umati ulipoona anasogeza kichwa, ulipiga makofi kwa nguvu zote, na yeye, ingawa hakusikia kitu, aliinua mkono akashukuru.

*

Swali likawa ni la kisheria. Mlio ule ulikuwa mzinga au si mzinga? Na kama ni mzinga, ni mizinga mingapi?

Mwanasheria Mkuu alijifungia, akatoka na tafsiri. Kila pipa lilitolewa ghalani kwa ajili ya adhuhuri moja. Mapipa yote yamelia. Kwa hiyo adhuhuri zote zilizokuwa zimekwama zimepita kwa pamoja, na nchi imefika leo. Wananchi walishangilia. Vibarua walitupa majembe palepale walipokuwa wamesimama. Siti akaruhusiwa kutembea hadharani.

Kisha mtu mmoja, sijui ni nani, akakumbuka uchaguzi. Tume ikatafuta, ikakuta kwamba siku ya uchaguzi ilikuwa pipa fulani katikati ya foleni. Ilikuja na ikapita ndani ya mlio. Hakuna aliyejitokeza kugombea, na hakuna aliyejitokeza kupinga. Serikali ikatangazwa mshindi kwa kukosa kura hata moja ya hapana, na Mheshimiwa Buruhani akaapishwa upya akiwa na bandeji masikioni.

Mwanakheri hakuwepo kwenye kiapo. Mara tafsiri iliposomwa, alikuwa amekimbia kutoka mtaroni mpaka jela, mtoto mgongoni, vumbi kichwani. Pandu alikuwa tayari amesimama nyuma ya lango, kibunda mkononi, mguu mmoja mbele. Bwana Shambi alikuwa na funguo. Lakini Bwana Shambi, mtu wa utaratibu, alikuwa pia na ile tafsiri ya Mwanasheria Mkuu, na alikuwa ameisoma mpaka mwisho.

"Bi Mwanakheri," akasema kwa unyonge, "hapa pana jambo."

"Mzinga haukulia?"

"Umelia, mama, na bado masikio yanavuma. Lakini imelia mingi. Kifungo cha mumeo kilikwisha pipa la kwanza. Mapipa yote yaliyobaki amekaa humu bila hukumu. Kalala kitanda cha serikali, kala uji wa serikali, na hakuwa mfungwa. Ni kosa hili. Anaitwa mvamizi wa jengo la serikali."

Pandu alikiachia kibunda kikaanguka. Mwanakheri alikaa chini katikati ya njia. Kwa mara ya kwanza tangu mumewe achukuliwe, alilia mbele za watu, kwikwi na kamasi, na Siti akawa anamfuta kwa kiganja. Kisha akanyamaza ghafla, akainua uso.

"Bwana Shambi. Mvamizi wa jengo la serikali, sheria inasema afanywe nini?"

"Mara nyingi hupelekwa mahakamani."

"Kwanza. Kabla ya mahakama. Akikutwa mle ndani, anafanywa nini kwanza?"

Bwana Shambi alifikiri. Kuna sheria moja katika nchi hiyo ambayo haijawahi kuchelewa, nayo ni ya kuwaondoa watu mahali wanapokaa. "Hufukuzwa," akasema. "Papo hapo. Kwa nguvu."

"Basi unangoja nini? Mtu kavamia jela yako, kasimama mbele yako, na wewe unapiga soga na mwanamke!"

Bwana Shambi aliikunja ile tafsiri akaitia mfukoni. Sijui kama alitabasamu, na hata kama alitabasamu, mimi sikuona. Akawaita askari wake. Waliingia wanne, wakamshika Pandu mabega na miguu, wakampeleka mkukumkuku mpaka langoni, wakamrusha nje. Kibunda kikarushwa nyuma yake, kisha godoro. Pandu alitua juu ya godoro, Mwanakheri akatua juu ya Pandu, na Siti, akidhani ni mchezo, akatua juu ya wote wawili.

Bwana Shambi alisimama getini akasoma amri kwa sauti rasmi. "Wewe Pandu, mvamizi, umefukuzwa katika jengo hili. Kuanzia leo ni marufuku kwako kukanyaga jela hii, au jela nyingine yoyote ya serikali, kwa maisha yako yote. Askari yeyote atakayekuingiza atakuwa ametenda kosa." Akafunga lango kwa kishindo.

Watu walidhani ni aibu kubwa kwa familia ile. Ilichukua muda mpaka walipoelewa.

Leo Pandu anashona viatu mlangoni kwake, nyuma ya soko, na anapiga misumari anapotaka, bendera nyekundu ikipita au isipopita. Huku nyundo ikienda juu na chini anaongea. Anasema uchaguzi haukuwa uchaguzi. Anasema Waziri wa Baruti hana akili za kuchunga hata yale mapunda. Anayasema kwa sauti, mchana kweupe, na askari wakipita wanaharakisha, maana hawana mahali pa kumpeleka. Kila siku barazani kwake kunajaa watu ambao viatu vyao ni vizima kabisa. Na huko jela, Bwana Shambi amelazimika kuweka uzio kwa ajili ya foleni ya wananchi wanaoomba kuingia kidogo tu, ili nao wafukuzwe.

Mimi sijafukuzwa. Nilipanga foleni, zamu yangu haikufika. Kwa hiyo sina neno lolote juu ya serikali ya nchi hiyo, ambayo ni nzuri sana, na haya yote niliyoyaandika kayasema Pandu.